Kiongozi wa Kati na Wafuasi Wenye Msimamo: Darsa Kutoka Kisiwa cha Rusinga



Twarejea kwenye suala lililoletwa na ndugu mmoja mwishoni mwa darsa iliyopita, nasi tukamwahidi kulijibu kwa kalamu kwani wakati ulikuwa umetupita. Suala lake lilikuwa hivi: "Mimi nimekipigia kura chama changu tangu nilipopata kitambulisho. Nilikichagua kwa neno lake, sikukichagua kwa sura ya mtu. Sasa kiongozi wake amelegea, amekaa meza moja na wale ambao kwa miaka mingi tuliambiwa tusiwaamini. Je, nimpe kura yangu na moyo wangu una hasira, au nikae nyumbani siku ya uchaguzi, au nihame?"

Aliposema maneno hayo, wengi waliokuwapo waliitikia kwa vichwa, nao si wafuasi wa chama kimoja. Ndipo tulipojua kuwa suala hili si la mtu mmoja, na kwamba kulijibu kwa kumsifu kiongozi huyu au kumtukana yule hakutamfaa mtu. Afadhali tutazame yaliyokwisha kutokea, kwani yaliyotokea yana faida ya kuwa mwisho wake twaujua.

Kwanza tuafikiane juu ya maneno. Mhafidhina, au mwenye msimamo, hapa twamkusudia mtu anayehifadhi neno la kwanza la chama chake, asiyependa lipunguzwe wala ligeuzwe. Pengine neno hilo lenyewe ni la kulinda mambo ya zamani, kama walivyo wahafidhina wa Marekani. Pengine ni la kugeuza mambo juu chini, kama lilivyokuwa neno la kina Jaramogi Oginga Odinga hapa Kenya. Yaliyomo ndani ya maneno hayo mawili yapingana kama mashariki na magharibi, lakini uchungu wa kuliona neno likipunguzwa na yule yule uliyempa bendera ni uchungu mmoja. Na kiongozi wa kati ni yule anayeona kwamba kidogo kilichoandikwa leo ni bora kuliko kingi kilichoahidiwa kesho. Katika majina haya mawili hapana lililo tusi. Watu huyafanya matusi kwa ndimi zao.

Sasa na tutoke Pwani tuivuke bara mpaka Ziwa Victoria. Katika kaunti ya Homa Bay, mkabala na mji mdogo wa Mbita, kiko kisiwa kiitwacho Rusinga. Watu wake ni wavuvi na wakulima. Wengi wao asili yao ni Wasuba, ijapokuwa lugha wanayoisema leo ni Kijaluo. Usiku wa giza huonekana juu ya maji taa nyingi za wavuvi wa omena, samaki wadogo ambao sisi tungewaita dagaa. Zamani mtu hakufika huko ila kwa chombo, mpaka katika miaka ya 1980 lilipojengwa tuta la kukiunganisha kisiwa na nchi kavu. Humo Rusinga ndimo alimozikwa Thomas Joseph Mboya, na kaburi lake limejengewa nyumba yenye umbo la risasi.

Twakwenda Rusinga kwa sababu katika siasa ya Kenya ni vigumu kumpata mtu aliyesifiwa zaidi kwa busara ya kati na kati, na kwa busara hiyo hiyo akashutumiwa zaidi na watu wa kwao kwamba amewauza.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, mtu wa Rusinga, alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge. Alipanda katika siasa kwa ngazi ya vyama vya wafanyakazi. Na hapa wazee wa Mombasa wana haki ya kusema kwamba walimjua mapema, kwani mwezi wa Machi 1955, wakati wa hali ya hatari, wafanyakazi wa bandari yetu walipogoma, Mboya alikuja akawa mpatanishi baina yao na waajiri. Kijana hajatimiza miaka 25, mgeni mjini, akawaambia watu wenye hasira warudi kazini ili mazungumzo yafanywe. Neno la namna hiyo ni zito kulisema mbele ya wagomaji. Lakini mazungumzo yalifanywa, na mshahara ukaongezwa. Mtu wa makuli aliweza kuhesabu mwenyewe, kwa vidole vyake, nini alichokiacha kwa kurudi kazini na nini alichokipata. Tulishike jambo hili, tutalihitaji mbele.

Mwaka 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Nairobi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Odinga alisimama katika baraza hilo akasema kwamba Kenyatta na wenziwe waliofungwa bado ni viongozi wa watu. Siku hizo kulitaja jina la Kenyatta kwa heshima kulikuwa ni kujichongea, na wajumbe wenziwe, Mboya akiwamo, walifadhaika. Walichelea kwamba mambo waliyokuwa wakiyatafuta kwa Waingereza yataharibika. Baadaye wote walimfuata Odinga katika neno hilo. Lakini watu hawasahau nani alitangulia na nani alisitasita.

Mwaka 1959 ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani kwa jitihada za Mboya na rafiki zake wa huko, na mwaka 1960 fedha za jamaa ya Kennedy zikaingia katika mpango huo. Kwa aliyekuwa na mwana ndani ya ndege, hiyo ilikuwa neema. Kwa mwenye msimamo, ilikuwa dalili kwamba kijana amenunuliwa. Na haki yataka tuseme pia kwamba Odinga naye aliwapelekea vijana nafasi za masomo katika nchi za Mashariki, naye akaitwa kibaraka wa Moscow na Peking. Zama za vita baridi hapakuwa na mtu aliyeachwa asafiri bila ya kuulizwa nauli yake imetoka wapi.

Chama cha KANU kilipoundwa mwaka 1960, Odinga akawa makamu wa rais wa chama na Mboya katibu mkuu. Fahali wawili, zizi moja. Baada ya uhuru ndipo neno lilipogawanyika khasa. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka mashuhuri, Waraka Nambari 10, juu ya Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi, nao ulitoka chini ya mkono wa Mboya. Jina lake lilikuwa ujamaa. Ndani yake mlikuwa na hati za ardhi kwa mtu mmoja mmoja, na kukaribishwa kwa mali ya wageni, na kanuni kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua, na barabara na reli. Msomaji wa Pwani hahitaji kuambiwa nini maana ya kanuni hiyo kwa mahali pasipo na mvua nyingi wala reli nyingi. Wenye msimamo ndani ya KANU, kina Odinga na Bildad Kaggia, walikuwa wameahidi watu ardhi bure, na wakiutazama waraka huo waliona ahadi imefungwa kitambaa cha rangi nzuri ikazikwa. Miongoni mwa waliouandikia ukosoaji mwaka huo huo alikuwamo mtaalamu mmoja kijana wa uchumi, Barack Obama, ambaye Mboya mwenyewe alikuwa mmoja wa waliompa nguvu alipokwenda Hawaii kusoma mwaka 1959. Aliupinga waziwazi, kwa hoja, na ulimi wake haukuwafanya maadui. Jina lake litarudi.

Mambo yangeweza kubaki hapo: ugomvi wa hoja ndani ya nyumba moja. Lakini mwezi wa Machi 1966 uliitishwa mkutano wa chama huko Limuru, na Mboya, katibu mkuu, ndiye aliyekuwa fundi wake. Cheo kimoja cha makamu wa rais wa chama kilivunjwa, vikawekwa vyeo 8, mmoja kwa kila mkoa, na Odinga akaachwa bila cheo. Mwezi wa Aprili alijiuzulu na kuunda chama cha KPU. Wabunge waliomfuata wakatungiwa sheria kwa haraka, kwamba anayehama chama arudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966, KPU ilipata viti 9 tu kati ya 29, ingawa kura zake kwa jumla zilizidi za KANU. Kaggia alishindwa Kandara.

Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya Mboya wa Mombasa 1955 na Mboya wa Limuru 1966. Yule wa kwanza alikuwa mtu wa kati baina ya wenye hasira na wenye nguvu, na wenye hasira walipewa kitu cha kuhesabu. Yule wa pili alikuwa na nguvu mkononi, na wenye hasira aliwashinda kwa katiba ya chama na kwa hesabu za wajumbe. Kushinda kwa kanuni si haramu katika siasa. Ila ni jambo jingine na kupatanisha, na hatuoni sababu ya kuyaita mawili hayo kwa jina moja la busara.

Watu wa Nyanza walimjibu kwa njia waliyokuwa nayo. Mwezi wa Mei 1969 palikuwa na uchaguzi mdogo katika jimbo la Gem. Mboya alikwenda kumnadia mgombea wa KANU, na Wajaluo wenziwe wakamchagua Wasonga Sijeyo wa KPU. Na wakati huo huo, ndani ya KANU yenyewe, wakubwa aliowasaidia kumtoa Odinga walikuwa wakimzibia yeye njia ya urais. Basi mtu wa kati akawa hana nyumba: kwao ni msaliti, na huko alikohamia ni mgeni anayehofiwa.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, alipigwa risasi Nairobi akitoka dukani. Siku ya ibada ya maiti, Kenyatta alipofika kanisani, umati ulimpokea kwa ukelele wa "Dume!", na dume ndiyo iliyokuwa alama ya KPU. Fikirini hapo, ndugu. Mtu aliyekivunja nguvu chama cha dume analiliwa kwa jina la dume. Wale waliomkasirikia hawakuwa wamemchukia kama tulivyodhani. Walikuwa na madai kwake, na mwenye madai hafurahi mdaiwa wake anapouawa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, ziara ya Kenyatta mjini Kisumu iliishia kwa risasi na vifo vya raia, KPU ikapigwa marufuku, Odinga akatiwa kizuizini. Kenya ikabaki na chama kimoja kwa vitendo, na mwaka 1982 kwa sheria, mpaka Desemba 1991. Kwa miaka 22 lile suala la ndugu yetu, nikae ama nihame, halikuwa na maana kwa mpiga kura wa Kenya, kwani hapakuwa na pa kuhamia.

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Wajaluo. Sisi wenyewe Pwani tulikuwa na mtu wetu wa kati, naye ni Ronald Ngala. Mwaka 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Kenyatta afunguliwe. Ngala, kiongozi wa KADU, aliikubali serikali ambayo KANU imeikataa, na watu wa KANU wakamwita kila jina. Yeye alikuwa na neno lake moja kuu, nalo ni majimbo: kwamba makabila madogo na watu wa Mwambao wasimezwe na Nairobi. Mei 1963 watu wengi wa Pwani walikipigia kura chama hicho kwa ajili ya neno hilo, si kwa ajili ya jingine. Novemba 1964 Ngala alisimama Bungeni akakivunja KADU na kujiunga na serikali. Hoja yake ilikuwa umoja wa nchi. Majimbo yakaondoka pamoja na chama, na mwaka 1966 Ngala akawa waziri.

Mimi niandikaye nimewasikia wazee waliolieleza jambo hilo miaka mingi baadaye kama waelezavyo msiba wa nyumbani. Hawakuwa na hasira na cheo cha Ngala, mtu yeyote angekitaka. Walikuwa na hasira kwamba hakuna aliyewajia akawaambia: neno lenu nimelipeleka hapa, nimepata hiki, hiki nimekikosa, niambieni mwaonaje. Chama kilivunjwa juu ya vichwa vyao kama mwenye nyumba anayeuza nyumba na wapangaji wamo ndani wamelala. Kura yake mtu wa Kilifi aliipiga Mei mwaka mmoja, na Novemba ya mwaka wa pili hapakuwa na aliyeichukua wala aliyeirudisha.

Pana mfano wa upande mwingine wa dunia, ambao waonyesha mwenye msimamo akifanya lile la kukaa nyumbani. Mwaka 2008 chama cha Republican cha Marekani, chama cha wahafidhina, kiliongozwa katika uchaguzi wa urais na Seneta John McCain wa Arizona. Mtu huyu alikuwa shujaa wa vita, lakini chamani alikuwa mtu wa kati. Mwaka 2001 alipinga mpango wa rais wa chama chake wa kupunguza kodi. Mwaka 2002 ilipita sheria ya kuzuia fedha katika kampeni aliyoitunga pamoja na Russ Feingold wa chama cha upinzani. Na juu ya wahamiaji alishirikiana na Edward Kennedy, jina ambalo mhafidhina wa huko halisikii akatulia. Februari 2008, alipokwenda kuwahutubia wahafidhina, baadhi yao walimzomea alipofika kwenye suala la wahamiaji. James Dobson, kiongozi mashuhuri wa Kikristo kwao, alikuwa ametangaza kwamba hatampigia kura. McCain akajaribu kuwaridhisha: mwezi wa Agosti alimteua Sarah Palin, gavana wa Alaska, mhafidhina wa kweli, awe mgombea mwenza. Novemba alishindwa kwa kura 365 kwa 173 za wajumbe wa uchaguzi, na aliyemshinda alikuwa Barack Obama, mwana wa yule kijana wa uchumi aliyeukosoa waraka wa Mboya mwaka 1965.

Kilichotufundisha zaidi ni kilichofuata. Wahafidhina wakasema: ameshindwa kwa kuwa ni wa kati mno. Watu wa kati wakasema: ameshindwa kwa kuwa amemchukua Palin ili kuwaridhisha wahafidhina. Kura moja isiyopigwa ikasomwa kwa maana mbili zinazopingana. Basi huo ndio upungufu wa kukaa nyumbani, kwamba sanduku halina mahali pa kuandika sababu. Anayekaa nyumbani kwa hasira, na anayekaa kwa uvivu, na aliyeumwa na jino siku hiyo, wote huhesabiwa pamoja. Wahafidhina wa Marekani walipolitambua hilo waligeukia mlango mwingine. Mwaka 2010 walijazana katika mikutano ya mchujo, na huko Utah wakamwangusha Seneta Bob Bennett, wa chama chao wenyewe, kabla hata hajafika kwenye uchaguzi mkuu. Sisi hatuwasifu kwa siasa yao. Twasema tu kwamba safari hii ujumbe wao ulisomeka.

Sasa turudi kwetu. Ndugu aliyeuliza hakukitaja chama chake, nasi hatukumuuliza, lakini si siri kwamba tangu mwaka 2024 suala hili limewaka zaidi ndani ya ODM, chama chenye mizizi Homa Bay na Pwani pia. Julai mwaka huo, baada ya maandamano ya vijana ambamo watu kadhaa waliuawa, Rais William Ruto aliwateua katika baraza lake la mawaziri watu wa ODM: John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama na mtu wa Suba huko huko Homa Bay, akapewa Hazina, Hassan Joho wa Mombasa akapewa madini na uchumi wa bahari, na wengine pamoja nao. Uenyekiti wa chama ukachukuliwa na Gladys Wanga, gavana wa Homa Bay. Tarehe 7 Machi 2025 Raila Odinga na Rais walitia saini mapatano ya mambo 10. Raila alifariki tarehe 15 Oktoba 2025 nchini India, na uongozi wa chama ukaenda kwa ndugu yake Oburu Oginga. Mwezi uliofuata chama kiliadhimisha miaka yake 20, na maadhimisho hayo yalifanywa hapa hapa Mombasa.

Wanaoyatetea mapatano husema kwamba mtu wa Ziwa na mtu wa Pwani wamekaa nje ya serikali kwa muda mrefu, wakitoa kodi na kupata mabomu ya machozi, na sasa angalau sauti yao imo penye kugawiwa fedha. Hoja hii haichekeshi. Mwenye kuidharau hajakaa kisiwani akangojea barabara. Wenye msimamo, na Edwin Sifuna, katibu mkuu wa chama wakati huo, alikuwa msemaji wao aliye wazi, wakajibu kwamba chama hakiwezi kuwa ndani ya serikali na wakati huo huo kuwa mlinzi juu yake, na kwamba damu ya vijana haijalipwa. Hoja hii nayo ina uzito.

Tuipimeje basi? Kwa yote tuliyoyaeleza sisi twaona kuna mambo mawili ya kumuuliza kiongozi wa kati, na mtu asiyapate kwenye magazeti, ayaulize mwenyewe. La kwanza: ulichokipunguza ni njia au ni kituo? Mwenda Lamu anayeacha basi akapanda jahazi bado aenda Lamu. La pili: uliyoyapata yako wapi kwa maandishi, na ni lini utarudi kutuhesabia?

Juu ya hilo la pili tuna ushahidi mikononi mwetu. Oktoba 1963, Mwambao ulipounganishwa na Kenya, wengi wa waliotaka Mwambao ubaki peke yake waliona wameuzwa, nao walikuwa na sababu. Lakini katika barua zilizobadilishanwa na Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, mliandikwa kwamba mahakama za Kadhi zitalindwa. Neno hilo liliingia katika katiba ya uhuru, na katika katiba ya 2010 limo katika kifungu cha 170. Majimbo ya Ngala yalikuwa makubwa zaidi ya hilo kwa mara nyingi, na katika mapatano ya 1964 hayakuandikiwa mlinzi. Yakatoweka kwa muda mchache tu.

Wako wanasiasa ambao wakibanwa kwa suala hili hukimbilia kututajia Mapatano ya Hudaibiya. Twawaomba wasifanye hivyo. Mwenye kuyafunga yale hakuwa mgombea, wala hawakuwa na haki ya kujifananisha naye kila wanapopewa gari la serikali.

Mapatano ya Machi 2025 yameandikwa, na hilo ni jema. Ndani yake mna fidia kwa waliodhurika katika maandamano, ukaguzi wa deni la taifa, ulinzi wa ugatuzi, vita na rushwa, na haki ya kukusanyika kwa amani. Agosti 2025 iliteuliwa kamati ya watu 5 ya kusimamia utekelezaji wake. Basi mwenye msimamo ana kipimo mkononi, na hana haja ya kupima kwa hasira. Na mwenye kutetea mapatano ana wajibu wa kuonyesha moja baada ya moja, lipi limetimia na lipi bado, kama kuli wa 1955 alivyoweza kuuhesabu mshahara wake.

Ama jawabu la ndugu yetu, sisi twamwambia asikae nyumbani, kwa sababu tuliyoitaja. Kuhama ni haki yake, lakini ahame akijua hesabu ya 1966: kura nyingi, viti vichache. Njia tunayoiona bora ni ile ndefu na yenye kuchosha, nayo ni kubaki, kujiandikisha uanachama, kuhudhuria mkutano wa tawi, na kupiga kura katika mchujo, ambapo watu 200 wenye kuelewana huweza kumweka mtu au kumwondoa. Twajua atatujibu kwamba mchujo wa kwetu aghlabu hufanywa usiku, na cheti hutoka Nairobi kabla ya kura kuhesabiwa. Ni kweli, na ndiyo maana kifungu cha 91 cha katiba kinavilazimisha vyama vifanye uchaguzi wa haki ndani yao, na pako mahakama maalumu ya kusikiliza mashitaka ya vyama. Wachache sana katika mji wetu wamewahi kuigonga.

Uchaguzi mkuu utakuwa tarehe 10 Agosti 2027. Darsa yetu ijayo itakuwa mahali petu pa kawaida, baada ya Isha, nayo haitakuwa na muhadhara. Tutayasoma yale mambo 10, jambo kwa jambo, na kila atakayehudhuria aje na kalamu. Ndugu aliyeuliza suala tumempa kazi ya kusoma, na ndugu mwingine, anayeyapenda mapatano hayo, tumempa kazi ya kujibu.